Msaada wa Masomo kwa Walimu wa Hesabu na Sayansi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Leo twapenda kunena nanyi habari ya walimu wa hesabu na sayansi: watoke wapi, nani awalipie masomo yao, na kwa nini wakiisha kusoma ni wachache wanaofika kwetu.

Watu wa pwani hii si wageni wa hesabu. Mtu akivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani ataona magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, na ndani yake birika lenye pande nane. Fundi hawezi kujenga pande nane zilizo sawa kwa kubahatisha. Sharti ajue kupima na kugawanya. Nao masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na penye sarafu hapakosi mizani wala mwandishi wa hesabu. Twayataja hayo kwa kuwa tumechoka kusikia kwamba mtoto wa pwani hana kichwa cha hesabu. Kichwa anacho, alilolikosa ni mwalimu.

Tazameni gesi ya Songo Songo. Iligunduliwa mwaka 1974 katika wilaya ya Kilwa, na tangu mwaka 2004 hupita ndani ya bomba hata Dar es Salaam, ikazalisha umeme huko. Kazi ile yote ni fizikia na kemia. Mtoto aliyezaliwa kisiwani pale, asipofundishwa masomo hayo, aweza kuajiriwa kulinda lango la mitambo, naye mhandisi akaletwa kutoka mbali. Hilo ndilo linalotuuma.

Huenda mtu akasema, "Je, shule si zimejengwa?" Naam, zimejengwa, na karibu kila kata ina yake. Ada iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Lakini jengo lasimama kwa miezi. Mwalimu wa fizikia hasimami upesi hivyo. Hesabuni wenyewe: miaka minne, kisha miwili, kisha mitatu ya chuo kikuu, jumla tisa, bila kuitaja shule ya msingi.

Basi msaada upo? Upo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha yake ni mkopo, nayo hurudishwa. Tena tangu mwaka 2022 upo ufadhili uitwao Samia Scholarship, ambao si mkopo. Hupewa waliofaulu vizuri mno masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Twausifu. Lakini angalieni unavyokwenda. Tuzo ya alama huwafuata wenye alama, na alama hupatikana penye walimu. Mtoto wa Njinjo au wa Liwale, aliyesoma kemia katika daftari la mwenzake kwa sababu mwalimu hakuwapo, atashindanaje na yule aliyekuwa na walimu watatu na maabara? Hivyo shule isiyo na mwalimu haitoi mwanachuo, na isiyotoa mwanachuo haipati mwalimu.

Jambo la namna hii liliwahi kujaribiwa kwa wingi. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu, kikawapokea hata vijana waliomaliza kidato cha nne, nao wakakopeshwa fedha za masomo. Mwezi wa Mei 2016 zaidi ya 7,000 wakarudishwa makwao. Baadaye baadhi yao walipelekwa vyuo vya ualimu vya Serikali kuendelea. Hatuingii katika mabishano ya wakati ule. Ila sisi tunaofundisha walimu twajua kwamba kijana aliyefungasha sanduku lake katikati ya masomo huona vigumu kulifungua tena.

Nchi ya Marekani ina mpango uitwao kwa jina la Robert Noyce, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kijana hulipiwa masomo, naye kwa kila mwaka aliolipiwa hufundisha miaka miwili katika shule zenye uhaba. Akikataa, fedha yageuka deni. Twaona lafaa kuigwa, lakini pamoja na nyongeza: nafasi zitengwe kwa watoto waliosoma Kilwa, Liwale, Ruangwa na Nachingwea, hata kama alama zao zimepungua kidogo, na chuo kiwape miezi ya kuwaongezea kabla ya kuanza. Mzaliwa wa mahali ana jamaa na shamba la mikorosho. Hana haraka ya kuomba uhamisho.

Ahadi peke yake haimfungi mtu. Zamani mwalimu aliyepangiwa kusini aliweza kusema Mto Rufiji umemzuia. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 udhuru huo umekwisha, wala mwalimu hakai kwa sababu ya daraja. Apewe nyumba, na chumba chenye vifaa vya majaribio, na mwenzake mmoja wa kusemezana naye.

Mwisho, neno kwa wazazi. Anayeomba mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Wengi hungoja mpaka matokeo ya kidato cha sita yatoke, ndipo waanze kukitafuta, na siku za maombi zapita. Mwenye mtoto wa kidato cha tatu, wa kike au wa kiume, na aende ofisi ya wilaya mwezi huu.