Kuangalia Dhoruba na Kutoa Taarifa: Kazi ya Wajitolea

(Hotuba ya Ofisi ya Miradi wakati wa kufunga semina ya wajitolea wa hali ya hewa)



Awali ya yote tunawashukuru kwa kuacha mashamba yenu na kukaa nasi siku hizi mbili.

Wote tunakumbuka usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilipokipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Kuta za nyumba za udongo ziliwaangukia watu, na wapatao 40 walifariki. Hatuwezi kusema kwamba simu moja kutoka kijiji jirani ingewaokoa. Lakini tunajua kwamba dhoruba hupita kwa mtu mmoja kabla ya kumfikia mwingine, na yule wa kwanza ana la kusema.

Wenzetu wa Marekani wamelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1970 kwa mpango uitwao Skywarn. Idara yao ya hali ya hewa imefundisha zaidi ya wajitolea laki tatu, wakiwemo wakulima, walimu na zimamoto. Rada wanazo nyingi, ila mawimbi ya rada huenda karibu na mstari ulionyooka na dunia ni mviringo. Umbali wa kilometa 100, hupita zaidi ya kilometa moja juu ya ardhi. Kinachotokea chini ya hapo huonwa na macho ya mtu.

Taarifa nzuri inajibu maswali manne: umeona nini, wapi, saa ngapi, na dhoruba inaelekea wapi. Ukubwa wa mawe ya mvua wao huulinganisha na sarafu au mpira wa gofu. Sisi tutasema punje ya mahindi, ndimu au yai la kuku. Tusiseme tu "upepo ulikuwa mkali sana". Tuseme mti umeng'oka, au mabati ya darasa yameezuliwa. Uliloambiwa na jirani, sema umeambiwa. Wala tusitabiri: onyo rasmi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, sisi tunapeleka tulichokiona.

La mwisho ndilo kubwa. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata umbali kwa kilometa. Lakini ukishaisikia ngurumo, tayari radi inaweza kukufikia. Ingia kwenye jengo imara, usisimame chini ya mti, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Tarehe 31 Mei 2013, huko El Reno, Oklahoma, mtafiti mzoefu Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young waliuawa na tonado, yaani kisulisuli chenye nguvu kubwa, waliyokuwa wakiifuatilia. Kama ilitokea kwa mabingwa hao, sisi tusijaribu. Taarifa iliyochelewa kwa sababu ulijificha kwanza hatutailaumu kamwe.

Namba ya mtendaji wa kijiji na ya ofisi yetu zimo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Mvua za masika haziko mbali. Nendeni salama.