Usukani U Mikononi mwa Nani?



Sisi wa Tabora tunakaa juu ya njia ya kale. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mbele alitangulia kirangozi. Njia ilipogawanyika, ile isiyofaa ilizibwa kwa matawi, ili hata walio nyuma kabisa, wasioweza kumwona kirangozi, wajue pa kupita. Leo safari ya miezi mitatu au zaidi kutoka pwani, ndege huimaliza kwa muda usiofika saa mbili. Lakini sharti lile halikubadilika: wasafirio pamoja hawana budi kuelezana.

Tuwatazame wanaojifunza urubani. Ndege ya mafunzo huwa na sukani mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mkufunzi, nazo zote huiongoza ndege ile ile. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mbona basi ndege hii haiendi mrama? Kwa sababu kila wakati mmoja tu ndiye ashikaye, na jambo hilo hutamkwa kwa sauti. Mkufunzi akitaka kuupokea usukani husema, "Nimeshika mimi." Mwanafunzi hujibu, "Umeshika wewe," ndipo aondoapo mikono yake. Wala anayekabidhi haachii mpaka asikie mwenzake akiitikia. Ni maneno machache, lakini uhai wao wote wawili umo ndani yake.

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, nchini Kameruni, ikielekea Nairobi katika hali mbaya ya hewa. Rubani mkuu alitamka neno la kuuwasha mtambo wa kujiendesha. Msaidizi wake, kijana wa miaka 23, hakuitikia, na mtambo haukuwaka. Kwa karibu dakika nzima ndege haikuongozwa na mtu wala mtambo, ikawa inainama kuume polepole gizani. Onyo lilipolia, rubani mkuu alichanganyikiwa, na ndege ikazidi kuinama. Msaidizi alisema kwanza "kulia", kisha akajisahihisha kwa kusema "kushoto". Ikaanguka katika mikoko, si mbali na uwanja. Watu wote 114 walikufa. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilitaja, pamoja na mambo mengine, upungufu wa ushirikiano kati ya marubani hao wawili.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu marehemu. Tunayasema kwa kuwa humo tunajiona wenyewe. Mara ngapi katika halmashauri zetu mwenyekiti hutamka jambo, wote tukanyamaza, na kila mmoja akaenda nyumbani akidhani mwenzake ameshika? Mara ngapi mweka hazina kijana huona hesabu za kisima hazilingani, akaogopa kumwambia mzee? Unyamavu huo tumezoea kuuita heshima. Lakini kumwacha mzee aende shimoni huku tunamtazama si kumheshimu.

Marubani wa leo hufundishwa kwamba mdogo ana wajibu wa kusema mapema na waziwazi, na mkubwa ana wajibu wa kusikia na kujibu. Mkubwa hapotezi cheo chake kwa kusahihishwa; bado ndiye mkuu wa chombo. Mkubwa ni jalala, asema Mswahili. Basi na apokee hata neno lisilompendeza, kwa maana abiria walioko nyuma hawana usukani wowote. Haki yao imo katika ulimi wa yule mdogo na sikio la yule mkubwa.

Tujiulize katika jumuiya zetu:

1. Kazi gani kwetu haijulikani ameishika nani?

2. Ni nani miongoni mwetu anayeogopa kusema, na ni nani aliyemtia woga huo?