Jangwa Si Gereza

(Mazungumzo na kikundi cha maendeleo, Kiplombe, baada ya ibada ya Jumapili)

Mlitutuma Turkana na magunia ya mahindi, nasi tumerudi salama. Mmetuomba tuwaeleze ile siku ya barabarani.

Tuliondoka Kiplombe saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiuma. Lori ndilo lilikuwa nyumba yetu: magodoro juu ya magunia, jiko la makaa, sufuria moja, na mtungi wa maji wa lita 20. Tukapita Kitale, na asubuhi hiyo hiyo tukawa Kapenguria.

Hapo tulisimama kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1993. Vijana wetu wengi hawaijui habari hii. Mwaka 1952 serikali ya mkoloni iliwashtaki pale Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi ilisikilizwa katika darasa la shule. Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani lakini akaendelea kuzuiliwa. Kenyatta alifungwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Mkoloni aliona jangwa lenyewe linatosha kuwa ukuta.

Basi, ukiteremka Marich baridi ya kwetu inaisha. Ni mawe, migunga na vumbi. Hapo kosa letu likajitokeza: tulibeba chakula cha watu wengi na maji ya watu wachache. Rejeta ilipochemka, tukaimiminia maji yetu ya kunywa. Mtungi ukaisha, na Lodwar bado mbali.

Kabla ya Lokichar tuliona akina mama kwenye laga, ule mto wa mchanga mtupu. Walikuwa wamechimba shimo lenye kina kupita kimo cha mtu. Mmoja yuko chini anachota kwa kikombe, wengine wanapokezana bakuli. Dereva akawasalimu, "Ejoka!" Wakatuletea mtungi waliokuwa wakiujaza tangu asubuhi. Tulipotaka kukimbilia rejeta, mama mmoja mzee akatuzuia: "Kunyweni nyinyi kwanza. Gari litangoja." Pesa wakakataa.

Jamani, tuliona aibu. Sisi ndio tuliokuwa tunakwenda kusaidia! Kumbe pale mkoloni alipoona gereza, ni nyumbani kwa watu, tena watu wakarimu. Na mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika nchi hiyo hiyo ya Lokichar, lakini mama bado anachimba maji kwa mikono.

Tuliwauliza wanahitaji nini. Hawakutaja mahindi. Walituonyesha pampu ya mkono, hatua chache kutoka barabarani, imekufa kwa kukosa vipuri. Wanachotaka ni itengenezwe, na vijana wao wawili wafundishwe kuitunza.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Mavuno yakiingia, kila nyumba itoe debe moja. Tuyauze hapa hapa Eldoret, tununue vipuri, na fundi aende navyo. Bwana alizungumza juu ya mtu anayetoa kikombe cha maji. Safari hii sisi ndio tuliopewa, na deni hilo tunalijua.