Mawazo yakizidi, tusingoje

Ninyi muliorudi toka Nyarugusu munajua: unafika Baraka, unakuta kiwanja chako kina mtu mwingine, na watoto wanauliza watakula nini. Kukosa usingizi siku 2 ao 3 si ugonjwa. Ukiongea na jirani, ukilima, ukisali, mawazo yanapungua.

Lakini ikipita juma 2, mtu halali, chakula hakipiti, shamba ameacha, watu anawakimbia, ao anakunywa kila siku ili asahau, hapo musiseme ni uvivu wala kulogwa. Ni ugonjwa, na unatibika. Mumusindikize kituo cha afya. Muuguzi akiona inamuzidi, atamutuma hospitali kubwa.

Na akisema afazali kufa, musingoje kesho. Musimuache peke yake, muweke mbali dawa za shamba, mumupeleke siku ile ile. Kumuuliza wazi kama anawaza kufa hakumupi wazo hilo. Kunamufungulia mulango wa kusema.

Sanduku letu linasaidia mwenye malaria na mama anayezaa. Naomba ugonjwa huu nao uhesabiwe.