Amri ya Nne: Baba Akiwa Mlevi



Wasikilizaji wapendwa, katika somo lililopita tulisikia kwamba Mungu anatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Lakini vijana wengi huuliza: Baba akirudi amelewa kila jioni, na fedha ya mihogo ikiishia kwenye lutuku na tumbako, tutamheshimu namna gani? Swali hili ni zito. Tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza: kosa la baba si kosa la mtoto. Wako watoto wanaodhani kwamba wangalikuwa wema zaidi, baba asingalikunywa. Sivyo. Mtoto asiubebe mzigo usio wake.

Pili: ulevi ni dhambi, tena huwa ugonjwa. Mwili huzoea pombe hata mikono ikatetemeka asubuhi. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha ghafula, aweza kushikwa na kifafa. Kwa hiyo, akitaka kuacha, apelekwe kwanza kwa mganga wa hospitali.

Tatu: kuheshimu si kushiriki. Baba akikutuma kuchota maji, nenda. Akikupa lutuku uonje, kataa kwa adabu: «Baba, unisamehe, kazi nyingine nitaifanya.» Usimtukane, wala usishindane naye usiku, kwa maana pombe haina masikio. Ngoja asubuhi, useme naye kwa upole. Akilala amelewa, mlaze kwa ubavu, asisongwe na matapishi. Sigara yake izime, kwa kuwa nyumba ya nyasi huwaka upesi. Na kama yumo mtoto mchanga, mwombe baba avutie nje. Moshi ule ule huingia katika kifua cha mtoto na kumletea maradhi.

Nne: kuficha yote si heshima. Baba akianza kupiga, toka pamoja na wadogo zako, mkimbilie kwa baba mkubwa, kwa shangazi au kwa jirani mwema. Kisha mwambieni padri au katekista. Kumwambia mtu awezaye kusaidia si kusengenya.

Sikilizeni sasa habari za Matt Talbot, mfanyakazi maskini wa Dublin, katika nchi ya Ireland. Alizaliwa mwaka 1856, na baba yake alikuwa mnywaji. Yeye mwenyewe alianza kunywa akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akawa mtumwa wa pombe. Mwaka 1884 aliahidi mbele ya padri kuacha kwa miezi mitatu tu. Ilikuwa miezi ya taabu kubwa, lakini alishinda, akaendelea hata alipokufa mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimpa jina la Mheshimiwa.

Habari hizo zinatufundisha mambo mawili: mtoto wa mlevi ajihadhari mapema na kikombe cha kwanza, na mlevi asikatiwe tamaa.

Tukumbuke:

Swali: Je, yapasa kumtii mzazi anayetuagiza kutenda dhambi?
Jibu: Hapana. Katika jambo hilo twamtii Mungu, lakini heshima kwa mzazi haikomi.

Swali: Twamsaidiaje mzazi mlevi?
Jibu: Kwa sala, kwa upole, na kwa kuwaita wenye uwezo wa kumsaidia.

Kusudi la juma hili: kila jioni, kabla ya kulala, tuwaombee wazazi wetu Salamu Maria moja. Mungu awabariki.