TUOKE VILEJA VYA SIKUKUU NYUMBANI

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo, sikukuu ilipokaribia)



Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya choo cha shimo. Hayo tumeyasema mara nyingi, na tutayasema tena. Leo tunazungumza juu ya vileja. Msicheke! Jambo hili lina hesabu ndani yake, lina fedha, na hatari pia inayo.

Kwa wenzetu wa bara ambao hawajavionja: kileja ni biskuti ndogo ya unga wa mchele, samli, sukari na iliki. Hakikaangwi, huokwa. Kikiingia mdomoni huvunjika chenyewe na kuyeyuka. Unguja na pwani nyumba nyingi huoka vileja Idi inapokaribia.

Katika kijiji kimoja cha pwani tunakofundisha, Waislamu huvioka kwa Idi na majirani zao Wakristo huvioka kwa Krismasi. Siku ya sikukuu sahani hupita kwa jirani, imefunikwa kitambaa, na hairudi tupu. Sasa mama asiye na kitu cha kutia katika sahani afanyeje? Mwaka mmoja tuliona. Akina mama wanne wa darasa letu walikopa biskuti za pakiti dukani. Sikukuu ilikwisha, biskuti zikaliwa na watoto siku ile ile, lakini deni lilikaa mpaka msimu wa korosho.

Basi mwaka uliofuata darasa likakata shauri: tutaoka wenyewe. Wakachanga fedha, wakanunua samli, sukari na mayai. Mchele kila mtu alitoa kwake. Sisi walimu tukasema tutaleta maarifa. Na hapo ndipo tulipoharibu.

Tulileta karatasi ya biskuti za unga wa ngano. Vipimo vyake vilikuwa vya gramu, na pale kijijini mizani haikuwapo. Tukakadiria kwa macho. Tukasema unga ni unga tu. Tukaiyeyusha samli, tukatia maji, tukakanda kwa nguvu kama tunakanda chapati. Bibi mmoja wa darasa letu alikuwa amekaa pembeni. Akauliza, "Wanangu, samli mnaiyeyusha ya nini?" Tukamjibu kwamba karatasi ndiyo inayosema hivyo. Akanyamaza.

Vileja vile vilitandazika sinia zima, vikashikana. Chini vilikuwa vyeusi, juu vibichi. Samli yote ya mchango ilikwenda. Hakuna aliyetugombeza. Wale akina mama walikusanya masinia yao, wakaenda zao. Afadhali wangetugombeza.

Kesho yake tulikwenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kuosha masinia?"

Tukaosha. Halafu tukamwomba atufundishe, mbele ya darasa zima. Tukamwuliza kipimo chake ni nini. Akafungua kiganja. "Kipimo changu hiki hapa."

Jamani, mkono wa bibi ni wa bibi. Siku akisafiri, mkono husafiri naye. Kwa hiyo tulifanya hivi. Kila alichokichota kwa mkono, alikimimina kwanza katika kikombe cha bati. Mwanakisomo mmoja akahesabu, wa pili akaandika, ndipo kikaingia katika bakuli. Bibi alikasirika kidogo. "Mnanichelewesha na vikombe vyenu!" Lakini alipomaliza, karatasi yetu ilisomeka hivi: unga wa mchele vikombe 3, samli kikombe 1, sukari kikombe 1, mayai 2, iliki ya kutwanga kijiko 1 cha chai. Tatu, moja, moja! Mkono ule ulikuwa ukipima sawasawa miaka yote.

Kikombe kiwe chochote, kikubwa au kidogo, ila kiwe hicho hicho kwa unga, samli na sukari. Ukianza na kikombe cha bati usimalizie kwa bilauri. Anayetaka nusu apime unga kikombe kimoja na nusu, samli nusu, sukari nusu na yai 1.

Mchele roweka usiku. Asubuhi uchuje, uanike mpaka ukauke, kisha utwange na kuchekecha kwa chekeche la matundu madogo. Chenga rudisha kinuni. Ukiuacha una chenga, mlaji atadhani anatafuna mchanga.

Sukari nayo itwange kidogo. Samli iwe imeganda, isiwe ya maji. Ipige pamoja na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Hapa msifanye haraka. Bibi alipiga mpaka sisi vijana tukaona aibu, tukampokea mwiko. Kisha tia mayai na iliki, piga tena. Mwisho tia unga kidogo kidogo, ukichanganya kwa mkono. Maji usitie kabisa. Unga wa mchele hauna ule mnato wa unga wa ngano unaovutika kama mpira, kwa hiyo kuukanda kwa nguvu hakuongezi kitu. Samli na mayai ndivyo vinavyoushika. Funika, uache utulie saa moja. Halafu fanya vidonge kama ndimu ndogo, vibonyeze kidogo, vipange katika sinia la bati. Kati ya kimoja na kingine pawe na nafasi ya kidole.

Sasa moto. Wengi hudhani bila jiko la umeme huwezi kuoka. Si kweli. Mama zetu wa pwani wanajua kupalia makaa. Chukua sufuria kubwa, nene. Tandaza ndani mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Bandika jikoni, funika, weka na makaa juu ya mfuniko, uiache ipate moto robo saa. Mchanga huushika moto na kuugawa, usipige mahali pamoja. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi zaidi. Sisi tulifanya kinyume, ndiyo maana chini viliungua.

Ujuaje kama moto umetosha? Nyunyiza unga wa ngano kidogo juu ya kipande cha bati, kiweke ndani, ufunike. Mwenye saa au simu angoje dakika 5. Asiye nayo ahesabu polepole mpaka 300. Unga ukiwa rangi ya chai ya maziwa, moto ni mzuri. Ukiwa kama kahawa, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza. Vileja vyenyewe huchukua kama dakika 20. Visiwe vyekundu juu. Vibaki vyeupe, chini tu viwe na rangi kidogo.

Hapa tuna kosa jingine la kukiri, na hili ni kubwa kuliko lile la samli. Siku ile ya kwanza mvua ilinyesha. Tukaingiza majiko mawili ya mkaa chumbani, tukafunga mlango na dirisha mvua isiingie. Baada ya muda mama mmoja akalalamika kichwa kinamwuma na miguu haina nguvu. Mtoto wake alikuwa amelala mkekani. Tulipomwita akawa mzito kuamka. Tukawatoa nje mbio, kisha tukawapeleka zahanati. Walipona, Mungu ni mwema. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu, hata moshi ukiwa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu. Huingia katika damu na kuzuia hewa nzuri isiufikie mwili. Mtu hudhani ni usingizi tu, akalala, asiamke. Kwa hiyo okeni nje, au chini ya banda lililo wazi. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Na jiko lililobaki na makaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata kama usiku una baridi.

Vileja vikiiva, epua sinia, usiviguse. Vikiwa vya moto huvunjika kama udongo. Viache vipoe kabisa, ndipo uvitie katika kopo lenye mfuniko. Na watoto muwafukuze mbali na kopo, sisi tulishindwa.

Mara ile ya pili kila mama alileta alichokuwa nacho, huyu nusu kikombe cha samli, yule mayai mawili. Tulioka vya kutosha sahani za nyumba zote za darasa, na dukani hakwenda mtu kukopa.

Baada ya sikukuu tulimpelekea bibi ile karatasi, tumeiandika vizuri kwa wino. Akaisoma mwenyewe, kwa kidole, neno moja moja. Alipofika kwenye mayai akasimama.

"Hapa mmekosea."

Tukasema, "Bibi, tulihesabu wote. Yalikuwa mawili."

"Mawili ya kuku wangu wa kienyeji, madogo haya. Mtu wa mjini akitia mawili yale makubwa ya dukani, unga utalowa. Andikeni."

Tukachukua kalamu, tukaandika pale pale: mayai 2 ya kienyeji, yakiwa makubwa, yai 1 na kiini cha la pili.