Kasha la Mtaa: Niliyoyaona Tabora

(Hotuba iliyosomwa tawini na ndugu mmoja mwenye duka)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kazi za kujitolea mitaani, nami nilitaka udhuru mara mbili. Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya chuoni, ya jamvini mbele ya maalim, na hesabu yangu ni ya mizani na daftari la deni. Bwana Katibu akanijibu kwamba hatafuti msemaji, anatafuta mtu aliyekaa Tabora akaona jinsi mtaa wa watu wasiojuana unavyoweza kushikamana. Hapo nilikosa hoja, kwani ni kweli nilikaa Tabora miaka tisa, tangu 2007 hata 2016, nikiuza mchele, sukari, sabuni na mafuta ya taa katika kata ya Ng'ambo. Na jambo nitakalolieleza khasa, ndugu zangu, ni kosa nililolifanya mwenyewe nikiwa huko. Lakini kosa hilo halitafahamika mpaka kwanza mjue mji ule ni mji wa namna gani.

Jina la Tabora si geni visiwani. Wazee wetu waliiita nchi ile Unyanyembe, na kituo cha wafanya biashara wakakiita Kaze. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wa Zanzibar na Oman wamekwisha jenga tembe zao na kupanda bustani zao, na mmoja wao, Snay bin Amir, akawapokea na kuwakirimu. Kutoka pale njia moja ilikwenda Ujiji ziwani, nyingine ikapanda kaskazini hata Karagwe na Buganda, na nyingine ikarudi mashariki mpaka Bagamoyo na kwetu. Pembe za ndovu zilizopimwa Unguja Mjini zilipita pale mabegani mwa watu. Wala tusifiche: wengine waliopita njia ile walipita na minyororo shingoni. Njia ile ina aibu yake, na sisi wa visiwani tuna fungu letu katika aibu hiyo.

Lakini walikuwako pia wapagazi waliokwenda kwa khiyari yao na kwa ujira wao, na wengi katika hao walikuwa Wanyamwezi. Mtu alibeba mzigo wa frasila mbili au karibu na hapo, akatembea nao zaidi ya kilomita 800 baina ya Tabora na pwani, safari ya miezi miwili na pengine mitatu. Nawaulizeni, safari kama hiyo iliwezekanaje? Mbele alikwenda kirangozi, naam, naye aliheshimiwa. Lakini kirangozi hachoti maji ya watu mia. Siri ilikuwa katika kambi, yaani kundi dogo la watu waliokula chungu kimoja. Kila jioni mizigo ikitua, mmoja alikwenda kuteka maji, mwingine kuni, mwingine alikata matawi ya kibanda, mwingine akapika. Hapakuwa na haja ya kuamrishana, kwa kuwa asiyeteka maji alionekana na wenziwe wale wachache papo hapo, kabla chungu hakijachemka.

Na palikuwa na jambo la pili, nalo ndilo kubwa zaidi. Mtu akifa njiani, mbali na aila yake, nani atamzika? Hapo ndipo utani ulipofanya kazi yake. Sisi leo tukisikia utani tunadhani ni maneno ya kuchekana tu. Baina ya Mnyamwezi na Mzigua, au baina ya Mnyamwezi na Mzaramo, utani ulikuwa ni haki na wajibu: mtani wako atakutukana ukiwa hai, atachukua kitu chako bila ya kuomba, lakini ukifa katika nchi yake yeye ndiye atakayesimamia maziko yako. Wageni walifanya mkataba usioandikwa kwamba hapana mtu atakayeachwa juu ya ardhi.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi wa masafa marefu ulikwisha, lakini mji uliobaki ulikuwa ni mji wa wasafiri waliosahau kuondoka. Katika mtaa wangu mlikuwa na Wanyamwezi, Wamanyema ambao babu zao walitoka Kongo, Waha, Wasukuma, jamaa wawili watatu wenye asili ya Kiarabu, na wastaafu wa reli wa kila kabila. Waislamu na Wakristo walichanganyika nyumba kwa nyumba. Watu hawa walikuwa na chama chao cha kuzikana. Hakikuwa na jina kubwa. Kiliitwa chama cha mtaa, basi. Nyumba 60 na kitu, kila nyumba ilitoa shilingi elfu moja kwa mwezi. Mwislamu akifa kasha lilinunua bafta, kafuri na mbao. Mkristo akifa lilinunua jeneza. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa wote, na sikupata kusikia hata siku moja kijana akiuliza marehemu alikuwa akisali wapi kabla hajashika jembe.

Mimi niliwekwa kuwa mweka hazina katika mwaka wangu wa pili. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa na duka lenye mlango wa chuma, na kwa sababu nilikuwa mtu wa chuoni, na watu hudhani aliyesoma chuoni hawezi kupungukiwa amana. Nikapewa kasha na ufunguo wake mmoja. Siku hiyo nilifurahi sana, na furaha ile naiona leo ilikuwa ni ya kijinga.

Ikaja Juni 2011. Wakati wa mavuno mpunga wa Igunga na Nzega hushuka bei, na kila mwenye duka Tabora anajua kwamba mchele ukinunuliwa Juni ukauzwa Novemba una faida nzuri. Fedha yangu ilikuwa ndogo. Katika kasha mlikuwa na shilingi laki nne na sitini elfu. Nikachukua laki nne. Ndugu zangu, sikujiambia kwamba naiba. Mwizi wa amana hajiambii hivyo kamwe. Nilijiambia naazima, nitarudisha na juu yake nitaongeza kitu kwa ajili ya mtaa. Niliandika hata karatasi, nikaikunja nikaitia mfukoni mwangu mwenyewe, kana kwamba mfuko wangu ndio shahidi.

Hazikupita wiki mbili. Akafa kijana mmoja mchukuzi wa mizigo pale stesheni, Mzigua wa upande wa Handeni, aliyepanga chumba nyuma ya duka langu. Hakuwa na ndugu Tabora. Saa nne ya usiku ikabishwa hodi, na aliyebisha alikuwa katibu wetu, mama mmoja muuza vitumbua, pamoja na wazee watatu. Wakataka kasha. Nikasema ufunguo umepotea. Nilisema uongo huo maiti akiwa hatua ishirini kutoka niliposimama. Yule mama akanitazama kidogo, akasema, "Basi, baba, tuvunje kufuli, tutanunua jingine." Wakavunja. Wakahesabu sitini elfu. Hakuna aliyesema neno, na mimi nilitamani watukane.

Mzee mmoja, Mnyamwezi, mstaafu wa reli, ndiye aliyekata kimya kile. Akasema, "Huyu ni mtani wetu. Mtani hazikwi na kasha, anazikwa na sisi." Akatoa alichokuwa nacho, wakatoa na Wanyamwezi wengine, nami nikafungua mtoto wa meza nikatoa mauzo yote ya siku ile. Asubuhi tulimzika. Mzee yule akasimama kaburini akamtania maiti kwa sauti kubwa, kwamba Wazigua ni wavivu hata kufa wamekuja kufia kwa watu ili wabebwe bure. Wakacheka watu, na wengine walicheka wakilia. Mimi nilishika jembe nisiweze kucheka wala kulia.

Mkutano ulifanywa chini ya mwembe siku ya nne. Nilikwenda nikijua nitatolewa. Nikakiri yote, na ile karatasi nikaitoa. Nikapewa siku arobaini kurudisha laki nne, na nilirudisha, nikiuza mchele kwa hasara. Lakini hawakunitoa. Vijana walitaka nitolewe, nao walikuwa na haki, yule mama katibu ndiye aliyesimama akasema, "Tukimtoa huyu tutamweka mwingine, na mwingine naye atakuwa peke yake usiku na ufunguo." Kisha akawageukia watu akawauliza nani kati yao aliwahi kuja dukani kwangu, kwa muda wote ule, kuuliza mna kiasi gani ndani ya kasha. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuja. Wote walikuwa wakiniita mwaminifu, na neno hilo lilikuwa ndilo mto wao wa kulalia.

Hapo nikakumbuka somo la chuoni ambalo nililihifadhi utotoni bila ya kulifahamu. Tulifundishwa kwamba kumzika maiti ni fardhi ya kifaya: wakiifanya baadhi ya watu, wengine wamesamehewa, wasipoifanya hata mmoja, mji mzima una dhambi. Sisi sote hupenda nusu ya kwanza ya maneno haya. Nusu ya pili huipita mbio. Kila mtu mtaani husema moyoni mwake kwamba wako watakaofanya; na kweli wako, watatu au wanne, nao hufanya mpaka wachoke, au mpaka mmoja wao aharibike kama nilivyoharibika mimi, kisha tukashangaa.

Tangu siku hiyo kasha lilitiwa makufuli matatu, na funguo zikakaa nyumba tatu, moja ya Muislamu, moja ya Mkristo, ya tatu kwa yule mama. Daftari likasomwa kwa sauti kila mwanzo wa mwezi, mbele ya yeyote aliyekuja, hata watoto. Mwanzoni niliona haya kusomewa. Baadaye niliona raha, kwani usingizi wangu ulirudi.

Ndugu zangu, msidhani kwamba kila kijitoleacho ni kheri. Nchi ile ile ya Wanyamwezi na Wasukuma, upande wa Kahama na Nzega, ndiyo iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bunduki zilikuwa zimezagaa, ng'ombe wakaibiwa, watu wakauawa, na polisi walikuwa mbali. Wanavijiji wakajikusanya kwa pinde na mishale. Yowe likipigwa kijiji kimoja, cha pili kilipokea, mwizi akakosa pa kupita. Hakuna aliyewalipa. Ilikuwa kazi kubwa, nao walistahili shukurani. Lakini mkono ule ule ulipokosa wa kuuhesabia uligeuka: watu walipigwa mpaka kufa bila ya hukumu, na wanawake wazee wakatuhumiwa uchawi, wengine wakauawa. Serikali ikaja kuwatambua kwa sheria mwaka 1989, lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kufa. Katika mtaa wetu vijana walipotaka kulinda usiku, wazee wakakubali kwa sharti moja, kwamba kila usiku majina ya walinzi yaandikwe daftarini kabla hawajatoka. Usiku mmoja walimkamata mtu na sufuria ya watu. Alipelekwa polisi akiwa mzima, na naamini ni majina yale yaliyomwokoa.

Jambo jingine nitalipita upesi, maana mnalijua. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, na mwanzoni balozi alikuwa mtu wa kusuluhisha magomvi ya jirani; mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 balozi akabaki mtu wa chama kimoja, na jirani wa chama kingine hakumwendea tena. Leo wenzetu wa Bara wana wenyeviti wa mitaa, nao hupigiwa kura. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Huku kwetu sheha huteuliwa. Juu ya hayo mna maneno mengi na mimi nina yangu, nayo yana mkutano wake. Ninalosema usiku huu ni kwamba chama chetu cha mtaa kule Ng'ambo hakikumngojea balozi wala mwenyekiti. Mwenyekiti alialikwa kama jirani, akatoa elfu yake kama jirani, na daftari lilisomwa awepo asiwepo.

Basi tutazame hapa tulipo. Mfereji ulio nyuma ya tawi hili umeziba tangu masika. Nimewasikia watu wanane wakisema sheha ameambiwa, na nimewasikia wengine wakisema sheha hatafanya kitu kwa sababu ya chama chetu. Inaweza kuwa kweli. Lakini maji yale yananuka mlangoni kwa watu wa vyama vyote, na mbu haulizi kadi. Mfereji ule ni wa hatua sitini. Nimeupima kwa miguu yangu. Watu ishirini wataumaliza kabla ya adhuhuri. Tuwaalike na jirani zetu wasio wa chama hiki, na tusivae wala kutundika kitu chochote chenye rangi ya chama siku hiyo, ili asipatikane wa kusema amekatazwa kuja.

Nimeleta daftari jipya, nimelitoa dukani, halina bei. Liko mezani kwa Bwana Katibu pamoja na kalamu. Kurasa za kwanza ni za majina na ya zana atakayoleta mtu, jembe au ndoo au toroli. Kurasa za nyuma nimezipiga mistari kwa ajili ya fedha, ikiwa mtakubali kuweka kasha. Makufuli matatu ninayo pia, lakini ufunguo mimi msinipe.